Mbung'o Wanne wa Nsole

Kazi ya Alois Lugembe ilikuwa kutembea. Majirani wa mtaa wa Chemchem walipomwuliza mkewe, Imakulata, mumewe anafanya nini huko serikalini, alijibu kwa mkato, "Anashika nzi." Wakacheka, naye akacheka nao, akaendelea kupepeta mchele wake. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alois aliajiriwa mwaka 1952, kijana wa miaka ishirini aliyeshuka kwenye treni kutoka Igalula, na tangu hapo kituo kidogo cha mbung'o kilichokuwa ukingoni mwa mji wa Tabora hakikumpa kazi nyingine. Yeye na mwenzake Tobias walibeba kitambaa cheusi kilichotandazwa kati ya miti miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea. Walikwenda hatua mia mbili, wakasimama, Alois akawanasa kwa kiwavu wale waliotua, akawahesabu, akaandika, wakaendelea. Miaka ishirini na miwili.

Mzunguko wao mkubwa ulikuwa upande wa magharibi, ndani ya pori la miyombo, kwenye njia ya zamani ya wapagazi waliokuwa wakienda Ujiji. Babu mzaa baba wa Alois alikuwa mmoja wao. Kila baada ya mwendo wa asubuhi moja uliona mahali walipokuwa wakipiga kambi: mafiga yaliyozama ardhini, vigae vya vyungu, mara nyingine ushanga wa buluu. Ila kulikuwa na kipande cha maili nane, kutoka kijito cha Nsole mpaka kwenye majabali, ambacho hakikuwa na figa hata moja. Wapagazi hawakulala pale. Walipita mbio na mizigo yao, kila mtu akimchapa mwenzake mgongoni kwa tawi la majani. Kwenye kipande hicho, Oktoba moja, Alois alihesabu mbung'o mia tatu kabla ya saa nane mchana.

Mwezi wa Julai mwaka 1974 mkuu wa kituo, Ndugu Jilala, alimwita ofisini.

"Alois, operesheni ya vijiji imefika kwetu," alisema. "Kuna kijiji kitajengwa Nsole. Wanataka hesabu ya mbung'o kabla ya Jumamosi."

"Nsole, mkuu? Pale pale?"

"Pale pale. Muanze saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu muwe mmemaliza."

Alois alimtazama. Julai Unyamwezini ni mwezi wa baridi. Asubuhi mtu anatoa pumzi kama moshi, na mbung'o hujibanza chini ya magome ya miti mpaka jua lichome. Hilo hujulikana kwa mshika mbung'o yeyote kabla hajalijua hata jina la mkuu wake. Jilala, aliyelisomea, alilijua zaidi.

"Saa tatu bado kuna baridi, mkuu."

"Nimesema saa tatu." Jilala alikuwa akipanga penseli zake mezani, moja baada ya nyingine. "Viwanja vimeshapimwa, Alois. Malori yameshapewa zamu. Unataka mimi ndiye niende nikawaambie warudi?"

Walikwenda. Nyasi zilikuwa na umande, mikono ya Tobias ikitetemeka kwenye miti ya kitambaa. Katika maili nane walipata mbung'o wanne. Karatasi ya hesabu ilikuwa na safu ya tarehe, ya umbali, ya idadi na ya saa. Alois alijaza tatu za kwanza. Ya saa aliiacha wazi. Jilala aliipokea, akaitazama pale palipokuwa wazi, akapiga mhuri.

Walipotoka nje Tobias aliuliza, "Sasa hapo tumesema uongo?"

"Walikuwa wangapi?" Alois akamwuliza.

"Wanne."

"Basi tumeandika wanne."

Hawakulizungumza tena. Mwezi wa Septemba malori yakaanza kushusha watu Nsole. Kijiji kikaitwa Mwamko, nyumba mia tatu na ushei zikasimama katika mistari iliyonyooka, na kipande cha bati chekundu chenye jina kikapigiliwa kwenye mti. Alois alikuwa amesikia kwamba wakulima wa ng'ambo ya majabali wangepelekwa kijiji kingine, karibu na barabara. Huko ndiko alikokuwa binti yake, Apolinaria, aliyeolewa na mkulima wa tumbaku aitwaye Marko. Siku moja akiwa kazini alipishana na lori limejaa vitanda, kuku na milango iliyong'olewa, na juu ya mizigo akamwona Apolinaria amepakata mtoto.

"Baba, shikamoo!" alipiga kelele kwa furaha. "Tunahamia karibu nawe! Tumeambiwa Nsole!"

"Marahaba, mama," Alois alijibu. Lori likapita. Alibaki amesimama kwenye vumbi, kitambaa cheusi begani, mpaka Tobias akamshika mkono.

Wiki hiyo hiyo alikwenda dukani kwa Badrudin, mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa na duka lake karibu na soko, akanunua kitambaa cheupe cha marekani, doti mbili. Akampelekea binti yake.

"Ukienda kisimani vaa hii. Hiyo kaniki yako nyeusi iache nyumbani," alimwambia.

"Nyeupe kwenye matope ya Nsole, baba? Nitakuwa nafua kutwa."

"Fua. Ila kaniki usivae."

Apolinaria alicheka, lakini alimtii, maana alikuwa binti wa namna hiyo. Hakumwuliza sababu. Na Alois, ambaye angeweza kuisema sababu kwa maneno matano, alikula ugali wake, akaaga.

Mwaka wa kwanza ulipita salama, na Alois akaanza kulala vizuri. Zahanati na shule zilifunguliwa. Mahindi yalikubali. Wa kwanza kufa, mwanzoni mwa 1976, alikuwa mrina asali, na watu walisema mrina asali huzunguka kila pori, nani ajue alikotoa ugonjwa wake. Kisha wakafa wanawake wawili waliokuwa wakichota maji pamoja. Mganga wa zahanati aliandika malaria. Aliandika malaria kwa wa nne, na kwa wa tano, na kwa wa tisa. Pengine aliamini, pengine alikuwa ameshaambiwa kipi kiandikwe na kipi kisiandikwe.

Alois alifika Mwamko Jumapili moja baada ya misa. Kijiji kilikuwa kimya kwa namna ambayo hakuipenda. Saa sita mchana, jua la utosi, na vibarazani watu wamelala. Hawakulala kama waliochoka. Walilala kama vitu vilivyoangushwa. Mama mmoja, jirani ya Apolinaria, alikuwa ameketi mbele ya sahani, tonge la ugali mkononi, mkono umefika nusu ya njia ya mdomo, na macho yamefumba. Inzi walikuwa wakitembea juu ya tonge. Mtoto wake alipomtikisa, mama alifumbua macho, akatafuna mara mbili, akalala tena.

"Yuko hivyo tangu mwezi jana," Apolinaria alisema kwa sauti ya chini. "Na Marko naye, baba... sijui. Amekuwa mkali. Yeye ambaye hakuwahi kuniinulia sauti. Juzi amelitupa jembe, akalia kama mtoto. Na homa inakuja, inaondoka."

Alois aliingia ndani. Mkwewe alikuwa mkekani, uso umevimba, akamwamkia kwa shida. Alois alipapasa shingo yake kwa nyuma, chini ya nywele, akazikuta tezi alizokuwa akizihofia, ngumu kama mbegu za ubuyu. Akatoa mkono.

Asubuhi iliyofuata alimfunga Marko kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa kanga ya Apolinaria, asije akaanguka usingizini, akamsukuma maili ishirini hadi hospitali mjini. Mtu wa maabara alikuwa kijana mwangalifu. Alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu, akamwita Alois atazame. Kati ya chembe za damu kulikuwa na vijinyoo vikijinyonganyonga, vikizisukuma chembe huku na huku.

"Malale, usingizi wa mbung'o," kijana alisema. "Nitaandika, mzee. Lakini sijui itafika wapi."

Ilifika. Kijana yule alipeleka karatasi yake kwa daktari wake, daktari akaipeleka moja kwa moja wizarani Dar es Salaam badala ya kuipitisha mkoani, na baada ya wiki tatu ikaja habari kwamba wizara imeteua wataalamu watatu, wasiokuwa wa mkoa wala wa kituo, waje waone wenyewe kisha waishauri serikali. Mkubwa wao alikuwa Daktari Nurbanu, binti ya yule Badrudin wa duka la nguo, aliyezaliwa Tabora na kwenda kusomea magonjwa ya damu mpaka nywele zake zikaanza kuingia mvi.

Siku mbili kabla hawajafika, Ndugu Mayala, msimamizi wa operesheni ya vijiji, alikuja kituoni. Alikaa kwenye kiti cha Jilala, Jilala akasimama.

"Wataitaka karatasi ya Julai," Mayala alisema. "Karatasi ipo na mhuri upo. Mbung'o wanne. Utaulizwa kama ni mwandiko wako, utasema ndiyo. Imekwisha."

"Watu wanakufa, ndugu," Alois alisema.

"Watu walikufa hata walipokuwa wametawanyika porini, ila hapakuwa na wa kuwahesabu." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu aliyelifikiria jambo na kulimaliza. "Tukikihamisha hiki, kesho vijiji kumi vitasema navyo vina mbung'o. Shule ile itakwenda wapi? Tena sikiliza, mzee wangu. Una binti kule. Ukisema kijiji kihame, watasema unamtetea mwanao. Ukisema hesabu ya kwanza ilikuwa mbovu, mkono ulioiandika ni wako. Kwa vyovyote hutaaminiwa. Sasa kwa nini ujisumbue?"

Mayala alipoondoka, Jilala alikiendea kiti chake lakini hakukikalia. Alibaki ameshika mgongo wa kiti. "Alois," alisema, "mimi nimebakiza miaka minne tu nistaafu."

Wataalamu walikutana na watu wa mkoa katika darasa la shule moja mjini. Daktari Nurbanu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani minene, na alipomwona Alois akiingia na kofia mkononi aliinuka.

"Shikamoo, mzee Alois. Unanikumbuka? Nilikuwa nakuona dukani kwa baba."

"Marahaba, daktari. Nakukumbuka."

Mayala alikuwa amekaa dirishani, miguu ameikunja, na Jilala kwenye dawati la pembeni. Daktari alitoa karatasi ya Julai, akaiweka juu ya meza.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ndiyo."

"Mbung'o wanne katika maili nane, kwenye ukanda ambao daftari zako zote za nyuma zinasema mia, mia mbili, mia tatu." Aliweka kidole kwenye safu iliyokuwa wazi. "Miaka ishirini hukuwahi kuacha nafasi hii. Ilikuwa saa ngapi?"

Alois aliisikia saa ya ukutani. Aliona viatu vya Jilala vikirudi nyuma taratibu chini ya dawati. Alitaka kusema hakumbuki, na neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Tukamaliza saa tatu. Kulikuwa na umande."

"Kwa nini hukuandika?"

"Kama ningeandika, daktari, ningekuwa nimekiri kwa mkono wangu kwamba najua."

Mayala aliinuka. "Daktari, huyu mzee ana mtoto kijijini. Mkwewe ni mgonjwa. Maneno yake si safi."

"Ni kweli ana mtoto kule," Daktari Nurbanu alisema. "Kwa hiyo hatutayategemea maneno yake, wala karatasi yake. Kesho saa tano asubuhi tutatembea wenyewe. Nawe utakuja, ndugu."

Walikuwa sita. Ilikuwa mwanzo wa Oktoba, jua kali, miyombo imetoa majani mekundu. Kwa nusu maili ya kwanza hapakuwa na kitu, na Mayala, aliyevaa suti yake nyeusi ya mikono mifupi, alianza kuongea kwa sauti kuhusu pamba na shule. Kisha Tobias akasema, "Wamekuja." Mbung'o hawavumi kama nyuki. Wanapita sikioni mara moja, kama mtu aliyevuta pumzi nyuma yako, halafu kimya, na kimya hicho ndicho kibaya, maana wameshatua. Alois aliwanasa kwenye kitambaa, akawanasa tena. Alipogeuka aliona mgongo wa Mayala. Ulikuwa umejaa. Walikuwa wamekaa juu ya ile suti nyeusi wamekunja mabawa, moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, kuanzia kola mpaka kiunoni, na Mayala bado alikuwa akiongea.

"Usitikisike, ndugu," Alois alimwambia, akaanza kuwatoa kwa kiwavu, mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti: "Kumi na moja. Kumi na mbili."

Mayala aliacha kuongea. Walipofika maili ya tatu idadi ilikuwa mia mbili na kumi na saba, na daktari akasema inatosha.

Ushauri wao uliandikwa siku hiyo hiyo, kurasa mbili tu. Kijiji kihame kabla ya mvua kubwa. Kwa sasa kila mtu apimwe damu, vichaka vya njia ya kisimani vifyekwe, wagonjwa wapewe dawa. Mayala, uso na shingo vimevimba kwa kuumwa, aliomba uongezwe mstari mmoja: kwamba kijiji ni salama iwapo usafi utazingatiwa.

"Siwezi," Daktari Nurbanu alisema.

"Daktari, ni mstari mmoja tu."

"Kazi yetu ni kusema tulichokiona. Kuamua ni kwenu, nanyi mna haki ya kuamua vingine. Lakini mkiamua vingine, isiwe kwa jina langu."

Serikali iliukubali ushauri, nusu. Dawa zilikuja, na watu wa maabara wakaja na hadubini tatu. Vichaka vilifyekwa. Kuhusu kuhama, jibu lilisema suala litaangaliwa baada ya mavuno.

Marko hakuyaona mavuno. Ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani, na kwa hatua hiyo palikuwa na dawa moja tu ya sindano, kali, yenyewe nusu yake sumu, inayochoma mshipa kama moto. Sindano ya kwanza aliivumilia. Ya pili akamtambua mkewe, akaomba uji. Baada ya ya tatu alishikwa na degedege, akafa Alhamisi mchana wodini, Apolinaria akiwa amekwenda kufua shuka zake.

Alois alimngojea binti yake mpaka siku arobaini zipite. Kisha akamwambia, Imakulata akiwepo. Alimwambia yote: umande, saa, karatasi, mhuri, lori. Apolinaria alimsikiliza mikono imetulia mapajani.

"Ile marekani," alisema hatimaye. "Ulininunulia mimi doti mbili nyeupe."

"Ndiyo."

"Na yule mama aliyekuwa akilala na tonge mkononi? Yeye ulimnunulia nini?"

Apolinaria aliinuka, akamchukua mtoto wake, akaenda kukaa kwa shemeji zake. Kwa miezi saba hakukanyaga Chemchem. Imakulata alikwenda kumwona peke yake kila Ijumaa.

Kituoni, Alois alipewa barua ya uhamisho kwenda Ziba, kwenye josho la ng'ombe, kuanzia Januari. Haikutaja sababu. Tobias alibaki, akapewa mtu mwingine wa kushika upande wa mbele. Jilala, miaka yake minne ilipotimia, alistaafu kwa heshima, kwa sherehe na soda.

Mwamko ulihamishwa mwezi wa Agosti 1977, baada ya makaburi arobaini na moja. Malori yalirudi, milango ikang'olewa tena. Lakini orodha ya kupima damu ilipolinganishwa na daftari la kijiji, walikosekana watu kumi na tisa. Walikuwa wametoroka kabla ya kupimwa, kwa woga wa sindano au wa kijiji chenyewe, wakatawanyika kwa ndugu zao, na hakuna aliyejua wangapi kati yao walikuwa wamebeba ugonjwa kwenda nao. Daktari Nurbanu alimwandikia Alois barua Ziba. Hakumwamuru, kwa kuwa Alois hakuwa chini yake. Alisema tu kwamba malale ya huku hayasubiri, na kwamba hamjui mtu mwingine anayezijua njia zile.

Alois aliomba likizo yake yote iliyolimbikizana. Alikuwa na majina kumi na tisa, hana pa kuanzia. Siku ya tatu, akiwa Chemchem akiziba pancha, Apolinaria aliingia uani. Hakuamkia. Alichuchumaa, akaichukua orodha, akaisoma yote.

"Huyu yuko Igalula kwa dada yake," alisema. "Hawa wawili walikwenda Urambo kwenye tumbaku. Huyu sijui. Huyu ameshakufa, nilizifua nguo zake." Akaomba penseli.

Walimpata wa kwanza Igalula, nyuma ya stesheni, mzima, akaja mjini kupimwa huku akilalamika njia nzima. Wa pili walimkuta kaburini. Kufikia mvua za Desemba, Alois na baiskeli yake, na Apolinaria akimtangulia kwa treni au kwa lori kuulizia, walikuwa wamewapata kumi na wawili, wazima kwa wafu, na wanne kati yao walikuwa na vijinyoo damuni. Watatu walipona.

Likizo ikaisha, akarudi kwenye josho. Apolinaria aliendelea peke yake mwaka mwingine mzima, akampata mmoja zaidi. Wale sita waliobaki hawakujulikana walipo. Alois aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo. Kila alipopita kijiji asichokijua, mchana, na kumwona mtu amelala kibarazani, alishuka kwenye baiskeli, akaomba radhi kwa wenyeji, akamwendea aliyelala na kumgusa shingo kwa nyuma, chini ya nywele.